Jalada Juu ya Mizani

Mwenye duka hakuwa na ulimi wa biashara. Ukimuuliza kama mchele wake una mawe, alikujibu kwamba unayo, tena uwe mwangalifu usije ukavunja jino. Ukimuuliza kama mafuta ya nazi ni mapya, alikwambia ni ya mwezi uliopita na yameanza kunuka. Wageni walimshangaa, wakaenda duka la pili, wakauziwa mchele ule ule wenye mawe yale yale, ila kwa maneno matamu. Sisi wa Kilwa Kivinje tulikwisha kumzoea. Nilikaa na cherehani yangu kwenye baraza la duka lake tangu mwanangu wa kwanza akiwa mgongoni mpaka alipooa, na katika miaka yote hiyo sikumsikia akisema uongo, hata ule mdogo wa kumridhisha mtu. Siku moja mteja wangu alikuja kuchukua gauni la harusi. Mwenye duka akatoka nje, akalitazama, akasema mbele ya mwenyewe, "Fundi, bega hili limekwenda kombo." Lilikuwa limekwenda kombo kweli, lakini siku hiyo nilitamani mizani yake imwangukie mguuni.

Sasa duka lile ni la wakala wa pesa za simu, na mwenye duka amehamia Dar es Salaam kwa binti yake. Watu wanaoniuliza habari zake hawaulizi mchele wala mafuta. Wanauliza kama alikwenda na picha zake za vita.

Habari za ukoo wake sitaziingilia, wenyewe wapo na wanazijua. Itoshe kusema kwamba alikuwa na ami yake aliyeuza vitabu na magazeti Lindi mjini, na duka la ami lilipofungwa, makasha ya karatasi yaliletwa Kivinje kwa lori. Ndani mlikuwa na vitabu vidogo vya katuni za vita, vya Kiingereza, vya zamani sana, kila kimoja ukubwa wa kiganja au zaidi kidogo. Ami alivituma vitumike kufungia bidhaa. Hakuna aliyefikiri vina kazi nyingine.

Na kweli vilifungia bidhaa. Ila kabla ya kukitumia kitabu, mwenye duka alikishika uti wa mgongo, akalibandua jalada taratibu kama mtu anayemenya yai, akaliweka pembeni. Kurasa za ndani, zenye hadithi yenyewe, ndizo alizofungia karanga, bizari, chumvi na hamira. Ndiyo maana Kivinje nzima ilisoma vile vita vipande vipande. Ulinunua bizari ukapata askari anaruka kutoka kwenye ndege. Jirani yako alinunua chumvi akapata askari huyo huyo amekwama juu ya mti. Kama alishuka au hakushuka, ilikuwa bahati ya aliyenunua karanga. Wapo watu wazima hapa mjini ambao mpaka leo hubishana kuhusu rubani mmoja mwenye sharubu, kama alikufa au alitekwa.

Mwenye duka mwenyewe hakujiingiza katika ubishi huo. Kiingereza alikijua vizuri tu, alisoma barua za benki bila kumwita mtu, lakini zile kurasa za ndani hakuzisoma. Ukimwuliza kinachotokea baada ya picha ya jalada alikujibu jibu moja kila mara: "Anayeuliza kinachofuata hajamaliza kutazama." Alilisema kwa ukavu, bila kuinua macho kutoka kwenye mizani, na wengi walimwona ana majivuno. Mimi pia nilimwona hivyo, tena kwa muda mrefu.

Juu ya mizani alipigilia msumari, na kwenye msumari alitundika jalada moja katika fremu ya kioo. Kila Ijumaa, akirudi kutoka msikitini, alilishusha akatundika jingine. Watu walikuja kununua sukari wakakaa kutazama. Wavuvi walikuwa wakali kuliko wote. Akitundika picha ya meli inayozama, basi hapakaliki: mawimbi yale yanatoka upande gani, na moshi mbona unakwenda upande mwingine? Kuna mzee mmoja, aliyepata kuwa jeshini, ambaye alikuja kila Ijumaa kukosoa namna askari walivyoshika bunduki. "Huyu ameishika kama anakwenda kupalilia," alisema, na mwenye duka akamjibu, "Sawa, lakini tazama vidole." Kwake yeye bunduki haikuwa na maana. Alitazama mikono. Alisema mchoraji asiyejua mikono humpa askari wake glavu, au humtia mkono mfukoni katikati ya vita, jambo ambalo halina akili.

Majalada yale hayakuwa na majina ya waliochora. Hilo lilimuudhi, akaamua kuwapa majina mwenyewe. Alikuwepo Fundi wa Mawingu, aliyechora ndege zake ndogo chini kabisa ili apate nafasi ya mbingu. Alikuwepo Fundi wa Meno, ambaye askari wake wote walikenua kama wamebanwa vidole mlangoni, na huyo hakumpenda hata kidogo, alimtundika Ramadhani tu, mwezi ambao watu hawana nguvu ya kutazama. Aliyempenda kuliko wote alimwita Fundi wa Tope. Huyo alichora watu waliolowa. "Tazama suruali," aliniambia siku moja, akaniita kutoka kwenye cherehani yangu nikiwa nimeshikilia pindo. "Wewe ni fundi nguo. Suruali iliyolowa inavyong'ang'ania goti, umeona mtu mwingine anayeijua?" Nikatazama. Ilikuwa kweli, na tangu siku hiyo nikaanza kutazama majalada kwa ajili ya nguo. Nilijifunza kola mbili tatu kutoka kwa Fundi wa Tope, na wateja wangu hawajui hilo mpaka leo.

Mambo yake mengine hayakukaa pamoja vizuri. Alikuwa mtu wa swala tano, na alijua kabisa kwamba wapo wasiopenda picha za viumbe ukutani. Hakubishana nao na hakuziondoa. Aliniomba nimshonee pazia dogo la kitambaa cha marekani, lenye ukubwa wa fremu, na adhana ikianza tu aliliteremsha, askari wakapotea. Swala ikiisha, pazia juu. Imamu alipita akaliona, akacheka, akanunua tambi zake akaenda. Kisha kulikuwa na suala la damu. Mtu huyu mwenye makasha ya mizinga na mabomu hakuweza kuchinja hata kuku. Watoto wakipiga fataki za Idd alifunga mlango wa duka. Mkewe, aliyekuwa na mdomo mwepesi, aliwaambia wateja, "Mume wangu anamwogopa jogoo, na chini ya kitanda changu ana majeshi ya dunia nzima." Hilo la kitanda lilikuwa kweli. Majalada aliyalaza kwenye madebe bapa ya biskuti, katikati ya majani makavu ya mwarobaini, kwa sababu ya mende na unyevu wetu wa pwani. Chumba chao kilinuka mwarobaini kama zahanati.

Nilimwuliza mara moja kwa nini vita, kama anapenda picha. Kuna picha za maua, kuna za farasi. Akafikiri. "Kwenye tangazo la sabuni kila mtu anacheka," akasema. "Kwenye vita mchoraji analazimika kuchora mtu anayeogopa. Hapo hana pa kujificha." Kisha akanikumbusha kwamba sijamlipa sukari, akaingia ndani.

Alipita mgeni mmoja, mtalii anayekwenda kutazama magofu ya Kisiwani, aliyesimama kununua maji akaona fremu. Kumbe naye hukusanya vitabu hivyo hivyo huko kwao. Alifurahi sana mpaka alipoonyeshwa madebe, akasikitika mno, akasema jalada bila kitabu ni takataka, na kitabu bila jalada ni takataka pia, kwa hiyo hapa zimetengenezwa takataka mara mbili. Mwenye duka alimsikiliza mpaka mwisho. "Kila mtu na anachotafuta," akamjibu, akamrudishia chenji yake. Mgeni alipoondoka niliona mwenye duka amekunja uso.

Sasa nisimulie lile lililopotea, maana bila hilo nisingemjua.

Mwaka ule mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, maduka yote yalirudi kwenye karatasi, na kurasa za vita zilikuwa zinakaribia kwisha. Idd ikawadia. Alasiri ya kuamkia sikukuu watu walijaa mpaka barazani kwangu, wanataka tende, iliki, sukari, kila mmoja ana haraka kuliko mwenzake. Mwenye duka alikuwa ameshusha jalada ili abadilishe kwa ajili ya sikukuu, ameliweka juu ya meza. Katika msukumano ule akashika karatasi iliyokuwa karibu, akafungia tende, akampa mtu. Yeye mwenyewe, kwa mikono yake. Alikuja kugundua baada ya magharibi, fremu iko tupu, meza iko tupu.

Lilikuwa la Fundi wa Tope, lile alilolipenda kupita yote. Askari yuko kwenye mto wa maji ya kahawia, yamemfika kiunoni, amembeba mwenzake mgongoni. Nyuma yao moshi wa manjano. Mbele yao kuna matete, na ukingo hauonekani vizuri. Anayebebwa ameweka shavu lake begani kwa mwenziwe, amefumba macho, na huwezi kujua kama amelala au ni jambo jingine. Nililijua jalada lile kwa sababu kila zamu yake ilipofika nililitazama wiki nzima, kila nilipoingia dukani.

Idd ile hakuila. Alipita nyumba kwa nyumba akiuliza karatasi ya tende, na watu kwa huruma wakamletea kila karatasi waliyokuwa nayo, hata za dawa. Jalada halikuonekana. Aliendelea kubadilisha picha kila Ijumaa, lakini mtu akimsifia iliyopo, alijibu, "Nzuri iko kwa mtu." Mkewe aliacha kumtania kuhusu majeshi. Mimi niliposafiri kwenda kushona harusi vijijini, aliniaga kwa maneno yale yale: "Ukiingia nyumba za watu, Fundi, tazama kuta."

Halikuwa ukutani. Mwaka juzi niliitwa Kitomanga na mama mmoja kushona nguo za harusi ya mpwa wake. Zamani alikuwa akikaanga samaki hapa Kivinje, kisha akaenda kula Idd ile kwa ndugu zake huko, akabaki analima ufuta. Tulikaa chumbani kwake, akavuta sanduku lake la bati anitolee vitenge. Alipofungua kifuniko, upande wa ndani, pale ambapo mama zetu hubandika picha zao, nikamwona askari ndani ya mto. Nilipima vitenge, nikakata, nikashona, na sikusema neno, kwa sababu kitu si changu. Lakini niliporudi nilimwambia mwenye duka kabla hata sijateremsha cherehani.

Alifunga duka siku ya kazi. Hilo peke yake lilikuwa habari ya mji, maana hakufunga duka kutwa nzima ila kwa mazishi. Tulipanda basi la Kitomanga. Mkononi alikuwa na mfuko, na ndani ya mfuko kulikuwa na debe bapa lenye majani ya mwarobaini, kitambaa laini, chupa ya maji na kisu chembamba cha kubandulia. Alikuwa pia na jalada jingine, la Fundi wa Mawingu, zuri kabisa, la kumpa yule mama badala yake. Njia nzima alinieleza namna ya kulowesha gundi ya unga bila kuidhuru rangi. Sikuwahi kumwona akiongea hivyo. Alikuwa kama bwana harusi, na mimi nilimwonea raha.

Tulipokelewa vizuri, tukapewa uji wa mchele. Mwenye duka alieleza shida yake moja kwa moja, kama kawaida yake: kwamba picha ile ilitoka dukani kwake kwa makosa, kwamba hamlaumu mtu, kwamba ameleta nyingine. Mama alimsikiliza, akalivuta sanduku mpaka mlangoni penye mwanga, akafungua kifuniko.

Mwenye duka alipiga magoti. Kona moja ilikuwa imeliwa na mende, lakini rangi zilikuwa hai. "Giza la sanduku limemtunza," akasema polepole. "Kwangu, juani, angekuwa ameshapauka."

"Aliyeibandika ni mwanangu," yule mama akasema. "Nilileta tende, yeye akachukua karatasi. Akaniambia, mama, huyu anayebeba ni mimi. Huyu anayebebwa ni wewe, ukizeeka. Tukacheka sana."

"Yuko wapi sasa?" mwenye duka akauliza.

"Aliondoka na wenzake kwenda machimboni, Msumbiji. Alinipigia simu wako kwenye ukingo wa Ruvuma, wanangoja kuvuka. Tangu siku hiyo simu yake haipatikani." Alisema hivyo bila kulia, kama mtu aliyekwisha kusema maneno yale mara nyingi. "Mimi sijui Kiingereza, baba. Nimewaonyesha walimu, wameniambia haya maandishi ya juu ni jina tu, hadithi yenyewe ilikuwa ndani. Na ya ndani uliiuza wewe. Basi wewe ndiye unayejua. Hawa watu walifika ng'ambo?"

Nilishusha macho. Nililijua jibu lake, nilikuwa nimelisikia miaka yote: anayeuliza kinachofuata hajamaliza kutazama. Na mama huyu alikuwa ametazama kuliko yeye. Niliogopa kwa niaba ya mama huyo, maana ukweli alioujua mwenye duka ulikuwa mmoja tu, kwamba hajui, na kwamba ukurasa uliojua aliufungia bizari.

Magoti yake yalikuwa bado sakafuni, kidole chake karibu na maji ya mto lakini hakigusi.

"Walifika," akasema.

"Wote wawili?"

"Wote wawili." Akayatazama matete. "Kulikuwa na watu ng'ambo wanawasubiri. Wakawapa nguo kavu. Wakawapa chai."

Alisema uongo vibaya, kama mtu anayeendesha baiskeli kwa mara ya kwanza, lakini mama aliitikia kwa kichwa akasema, "Alhamdulillahi," na akajifuta uso kwa ncha ya khanga. Machozi yalinitoka, sikujificha.

Kitambaa na chupa havikutoka mfukoni. Alifungua debe lake, akachota majani ya mwarobaini, akayatandaza mwenyewe kati ya vitenge, pembe zote za sanduku. "Mende hawatamgusa tena," akasema. "Yakikauka sana, ubadilishe." Lile jalada la Fundi wa Mawingu alimwachia pia. Kisha akafunga kifuniko kwa mikono miwili, taratibu, tukaaga.

Basi lilitushusha Nangurukuru, tukangoja bajaji ya kuturudisha Kivinje. Nilimwuliza kama ana njaa. Akaagiza karanga kwa mama muuzaji, tukapewa kila mmoja pakiti yake ya karatasi iliyosokotwa. Mimi nikaanza kula. Yeye alivua kofia yake, akamimina karanga zote ndani yake, akaikunjua karatasi juu ya goti na kuinyoosha kwa kiganja. Ulikuwa ukurasa wa gazeti la zamani, umelowa mafuta, habari yake imekatwa katikati. Aliusoma upande wa kwanza mpaka chini, akageuza, akausoma wa pili. Kisha akanyoosha mkono akaniomba na karatasi yangu.